Wenye Kungojea Vizuri

Kila asafiriye hungojea. Mvuvi wa Kinkondja hungojea upepo utulie juu ya ziwa Kisale. Mama mwenye mizigo ya samaki wakavu hungojea balenyeri, ile mashua kubwa ya mbao yenye mashini, impandishe mpaka Bukama. Naye akiisha kufika Bukama hungojea gari la moshi. Waziri naye, akiwa Luano kwenye uwanja wa ndege wa Lubumbashi, hungojea ndege. Lakini hawangojei mahali pamoja, wala kwa namna moja. Juu ya tofauti hiyo twataka kusema leo, na kusema bila kuficha, kwa sababu watu wengi wameizoea kama walivyozoea mvua na jua, ambavyo havikufanywa na mtu. Hii imefanywa na watu.

Wako wasomaji wetu ambao hawajapata kuona saloni ya ndege, nasi yatupasa kueleza kidogo. Katika viwanja vikubwa, kama vile Nairobi na Addis-Abeba ambako watu wengi wa Katanga hupitia waendapo mbali, abiria hawakai wote pamoja. Wakiisha kupima mizigo na kupigiwa pasipoti muhuri, umati huelekea kwenye jumba la wote, lenye viti vya chuma vilivyofungwa safu kwa safu. Wachache hugeuka kando. Huko kuna mlango wa kioo, na mbele yake meza, na nyuma ya meza ameketi msichana aliyevaa vizuri sana. Msichana huyu hakuulizi habari za nyumbani. Hutazama karatasi yako kama imeandikwa daraja la biashara, au kadi yako kama ni ya rangi itakiwayo. Ikiwa sivyo, hukuonyesha kwa mkono, kwa adabu nyingi, njia ya kurudi ulikotoka.

Sisi tuliingia humo siku moja, tukiwa wageni wa ndugu yetu mmoja ambaye tikiti yake ililipwa na kazi yake. Tuliona viti vya ngozi, meza ya vyakula vya moto, kahawa, divai isiyolipiwa, mahali pa kuoga, na magazeti ya lugha nne. Hatutasema kwamba tuliumia moyo, tulikula. Lakini jambo lililotushangaza halikuwa chakula. Ndege yetu ilichelewa saa tano usiku ule. Mule ndani mtu wa kampuni alipita kiti kwa kiti, akainama, akaeleza sababu, akataja saa ambayo ndege ingeruka, akauliza kama tunahitaji blanketi. Baadaye tulitoka kumtafuta mwenzetu aliyebaki katika jumba la wote. Tukakuta watu wa ndege ile ile, wenye mizigo na watoto, wamesimama mbele ya meza isiyo na mtu. Hawakuambiwa kitu. Mama mmoja mwenye mtoto mgongoni alituuliza sisi, kama kwamba sisi ni wafanyakazi wa kampuni, je, ndege imefutwa? Tukamweleza yale tuliyosikia ndani, naye akageuka akawaeleza wengine kwa Kiswahili na kwa Kilingala. Basi, habari zilipita ukutani kwa njia hiyo tu.

Tangu siku hiyo tumekuwa tukifikiri. Mkate na divai vyaweza kuuzwa. Hiyo ni biashara. Lakini kumwambia msafiri ukweli juu ya safari yake, je, hiyo nayo ni bidhaa ya kuuziwa wachache? Wote walikuwa wamelipa ili wafike.

Desturi hii si ya zamani kama wengine wanavyodhani. Saloni ya kwanza ya namna hii ilifunguliwa na kampuni ya American Airlines mwaka 1939 huko New York, kwenye uwanja wa LaGuardia, ikaitwa Admirals Club. Hapo mwanzo fedha peke yake haikukufungulia mlango. Ilikubidi ualikwe na kampuni yenyewe, iliyochagua watu wenye majina. Baadaye wakaona faida, wakaanza kuuza nafasi. Daraja la biashara, lile lililo kati ya daraja la kwanza na daraja la wote, lilianza kuuzwa na kampuni ya Qantas ya Australia mwaka 1979. Mwaka 1992 ikatokea Priority Pass, kadi inunuliwayo ili mwenyewe aingie katika saloni za viwanja vingi, apande ndege yo yote atakayo. Hivyo mwaliko ukageuka tikiti, na tikiti ikageuka kadi.

Neno hili kadi, sisi watu wa Kongo twalijua. Mwaka 1948 serikali ya Wabelgiji ilianza kutoa kadi ya mérite civique, na mwaka 1952 ikaongeza immatriculation, kwa wale walioitwa évolués. Mtu aliyeomba alikaguliwa nyumbani kwake: jinsi anavyoketi mezani, jinsi mke wake anavyotunza nyumba, vitabu gani anavyosoma. Baba wa jamaa waliopata ile ya 1952 walikuwa mia chache tu katika nchi nzima. Wale wengine, ambao baadhi yao wangali hai nao watusomao wanawajua, waliendelea kusafiri katika mabehewa yao na juu ya mashua zilizofungwa ubavuni mwa meli, Wazungu wakiwa juu kwenye kivuli. Hata kanisani viti vya mbele vilikuwa na wenyewe. Mwaka 1960 tuliimba kwamba hayo yamekwisha. Je, yamekwisha? Siku hizi hawaji kukagua vijiko vyako. Wanakagua karatasi yako tu, na mtu mweusi aweza kupita kama mweupe. Twakubali kwamba hayo ni maendeleo. Lakini mlango ungali pale pale, na waliopita wakaketi wamesahau upesi sana upande waliotoka.

Tunajua tutakavyojibiwa. Mfanyabiashara mmoja alituambia: «Nimelipa mara tatu, mara nne ya bei ya wengine, acheni nikae vizuri.» Sawa, ndugu. Ikiwa fedha ni jasho lako, hatuna kesi na wewe. Keti, kunywa kahawa yako. Mwenye duka akijinunulia kiti cha ngozi, hatuendi nyumbani kwake kumwambia aketi chini.

Maneno yetu si kwa huyo. Twauliza habari za yule anayekaa karibu naye. Tazameni vizuri waketio katika saloni hizi kwenye viwanja vya Afrika: si wafanyabiashara peke yao. Wako mawaziri na wajumbe wao, wako waheshimiwa madeputé, wako wakurugenzi wa mashirika ya serikali, wako mabwana na mabibi wa misaada waliokuja kuandika ripoti juu ya umaskini wetu, na, tuseme ukweli, hawakosi watu wa Kanisa waendao mikutanoni. Nani aliwalipia? Mlipa kodi wa Bukama. Mwenye kutoa senti zake katika nchi ya mbali, akidhani zanunua dawa. Mama aliyetoa sadaka Jumapili. Huko kwetu tena saloni ya wakubwa wa serikali haihitaji hata tikiti ya bei kubwa. Cheo kinatosha, na gari humfikisha mheshimiwa mpaka mlangoni.

Wakati huo huo, tangu mwaka 2009 kila msafiri katika viwanja vya Kongo alitozwa Go-Pass, dola 10 kwa safari ya ndani na dola 50 kwa safari ya nje, nayo ilielezwa kuwa fedha ya kutengeneza viwanja. Mwanafunzi aliyekopa tikiti alilipa. Mjane aendaye kuzika alilipa. Na viti vyao ni vile vile vya chuma.

Lakini hata suala la fedha silo kubwa. Kubwa ni hili: anayengojea mbali nasi hawezi kujua tunavyongojea, na ndiye aliyepewa kazi ya kutengeneza safari zetu. Hatuhitaji kumwita mwovu. Inatosha kwamba hajui. Tangu utoto wa cheo chake amepita mlango wa pembeni. Akisoma katika karatasi kwamba gari la moshi limechelewa siku nne, kwake ni hesabu, si usiku nne juu ya saruji.

Tutoe mfano mmoja wa ng'ambo ya pili, ili tuonekane hatusemi kwa wivu. Tarehe 7 Agosti 2013 moto uliteketeza jumba la kupokea abiria wa nchi za nje kwenye uwanja wa Jomo Kenyatta, Nairobi. Wakubwa na wadogo wakajikuta nje pamoja, na mahema yakapigwa ili watu wapate kuhudumiwa chini yake. Hazikupita siku mbili, ndege za ng'ambo zikaanza tena kutua na kuruka. Serikali ilihangaika usiku na mchana, na mwaka uliofuata majengo mapya yalikuwa yakitumika. Twawasifu Wakenya. Lakini tunajua pia kwamba kazi huenda mbio pale ambapo wenye amri wananyeshewa pamoja na wasio na amri.

Sasa turudi kwetu. Reli ilifika Bukama mwaka 1918. Kutoka hapo mto Lualaba unapitika mwendo wa zaidi ya kilometa 600 mpaka Kongolo, na zamani meli zilipita hapa Kinkondja kwa siku zilizojulikana. Leo balenyeri huondoka ikijaa. Mafunjo yanayoelea yakiziba njia kwenye Kisale, abiria hushika pondo na panga pamoja na mabaharia. Koti la kuokolea majini ni jambo la kusikia. Ukifika Bukama, hakuna paa karibu na maji linalotosha watu wote. Akina mama hulala juu ya mizigo yao ili samaki wasiibiwe, na mvua ikinyesha samaki huoza, na samaki wakioza ada ya shule ya mtoto imekwenda. Hiyo ndiyo saloni yao.

Na gari la abiria lisipokuja, watu hupanda la mizigo. Usiku wa tarehe 10 Machi 2022 gari la mizigo lililotoka Luena, hapa hapa katika wilaya yetu ya Bukama, likielekea Tenke, lilianguka huko Buyofwe katika jimbo la Lualaba. Zaidi ya watu 60 walikufa. Waliitwa abiria wa siri, watu waliojificha juu ya mabehewa. Jina hilo linatukera. Mtu anayekwenda kuuza au kuzika, na aliyengojea gari la halali likakosa kuja, amejificha na nani? Tarehe 3 Oktoba 2024, huko Goma, mashua iliyotoka Minova imejaa kupita kiasi ilizama karibu na bandari ya Kituku, watu wa pwani wakiona kwa macho, na makumi ya abiria wakafa. Barabara ilikuwa imefungwa na vita, wakapanda kilichopatikana. Kila mara baada ya mambo kama hayo wakubwa huja kutoa pole. Huja kwa ndege.

Wengine watasema tunachanganya mambo mawili, kahawa ya saloni na gari lililoanguka. Twayachanganya makusudi. Fedha ya wengi ikitumika kumwondoa kiongozi katika shida ya wengi, basi imetumika kumfanya kipofu. Hakuna mkutano wala ripoti itakayomfundisha yale ambayo usiku mmoja tu Bukama ungemfundisha.

Kwa hiyo tunaomba jambo ambalo halihitaji senti. Kila asafiriye kwa fedha ya serikali, ya shirika la misaada au ya Kanisa, akae katika jumba la wote, apange mstari, aulize habari pale pale tunapouliza. Hiyo tofauti ya bei ya tikiti ibaki mfukoni mwa waliomtuma. Wagonjwa, wazee na wajawazito tunawatoa katika neno hili. Hao ndio wangepewa viti vya ngozi kwanza, wawe na kadi au wasiwe nayo. Nazo parokia zetu zianze: padri au mjumbe wetu akiitwa kwenye mkutano wa mbali na kuletewa tikiti ya daraja la biashara, aombe ibadilishwe, na aeleze kwa nini.

Ama waheshimiwa watakaokuja Kinkondja kutuomba kura, wasituletee fulana. Washuke Bukama, waende bandarini kwa miguu, waulize kama wengine wanavyouliza mashua gani yateremka. Wataambiwa kwamba itaondoka ikijaa. Waje na mkeka, na chakula cha siku mbili.