Kitabu cha wageni gesti kinatuuza

Wadau, leo nina la gesti. Majuzi nilikwenda Morogoro peke yangu kwenye usaili wa kazi, nikalala gesti moja jirani na stendi. Mapokezi nikapewa kitabu cha wageni: jina, kabila, kazi, simu, unatoka wapi, unakwenda wapi, chumba namba ngapi. Nikajaza. Mistari ya juu nikawasoma wageni wote, nani kalala wapi. Saa nne usiku simu ikaita: "Dada wa namba 7, umelala?" Kumbe jamaa alijaza chini yangu! Nikaburuza meza hadi mlangoni, usingizi kwisha.

Msidhani ni gesti za bei poa tu. Mwaka 2008 mtangazaji wa michezo wa Marekani, Erin Andrews, alifikia hoteli kubwa Nashville. Mwanamume mmoja akaomba chumba cha jirani yake, akapewa. Akachezea tundu la mlango, akamrekodi akiwa mtupu. Alifungwa, na mwaka 2016 mahakama ikaamua dada alipwe dola milioni 55, karibu nusu upande wa hoteli.

Komeo litasaidia nini kama mapokezi ndio wanaogawa namba yako? Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 tunayo, inafanya kazi tangu Mei 2023. Serikali kujua nimelala wapi, sawa. Mgeni mwenzangu je, anajua ili iweje? Kila mgeni apewe fomu yake, basi. Au nakosea, wadau?