Pimeni Macho, Msipime Mvi

Hoja ilipita kwa kura nyingi. Katika mdahalo wa wanafunzi wa Kiswahili muhula uliopita tuliulizwa kama kila dereva aliyefikisha miaka 60 alazimishwe kupimwa afya na kurudia mtihani wa udereva ndipo aongezewe muda wa leseni. Ukumbi mzima ulisema ndiyo, isipokuwa sisi wachache wa safu ya nyuma. Nilipoitazama mikono iliyoinuliwa nilicheka kimoyomoyo: karibu wote tuliokuwa mle ndani hatujafika miaka 25, na kama mtu angetuomba leseni za udereva, sidhani kama zingepatikana kumi. Ni rahisi kuutungia sheria usukani usioushika na umri usioufikia.

Nilipewa dakika mbili za kupinga. Hazikutosha, na ndiyo sababu ya insha hii.

Niseme mapema ninachopinga na nisichopinga, maana upande wa pili ulinigeuza mtetezi wa vipofu. Sipingi dereva kupimwa. Ninapinga kuufanya umri kuwa shtaka, kwamba ukifika siku fulani ya kuzaliwa unaamka mshukiwa na jirani yako mwenye miaka 35 anabaki msafi hata kama haoni ng'ombe barabarani. Sheria ya namna hiyo hutuliza nyoyo za watu. Kuokoa maisha ni jambo jingine.

Mtoa hoja alileta mfano mzito, na sitaupuuza. Tarehe 19 Aprili 2019, katika mtaa wa Ikebukuro jijini Tokyo, mzee wa miaka 87 alipita taa nyekundu kwa kasi akawagonga watu waliokuwa wakivuka. Mama mmoja kijana na bintiye wa miaka 3 walikufa. Mzee alidai gari lilikuwa na hitilafu. Mahakama iliona kwamba alikanyaga mafuta akidhani anakanyaga breki, ikamhukumu kifungo cha miaka mitano mwaka 2021. Mwezi Januari wa mwaka huohuo wa 2019, Prince Philip wa Uingereza, akiwa na miaka 97, aligongana na gari lililokuwa na wanawake wawili na mtoto mchanga karibu na Sandringham. Gari lake lilipinduka, mwanamke mmoja akavunjika mkono, na wiki chache baadaye mzee mwenyewe akarudisha leseni.

Ukumbi ulinyamaza kwa huzuni, na mimi pia. Lakini kuna jambo halikusemwa. Japani tayari ilikuwa na sheria ileile tuliyokuwa tukiipigia kura. Dereva wa miaka 75 na zaidi alilazimika kupimwa kumbukumbu na uwezo wa akili kila anapohuisha leseni. Kipimo kilikuwapo, na mama na mtoto walikufa. Kwa hiyo mfano ule unaonyesha kwamba mzee anaweza kuua kwa gari, jambo ambalo hakuna aliyelibisha. Hauonyeshi kwamba kipimo cha umri kinamzuia.

Wapo waliolitafiti jambo hili kwa utulivu kutuzidi. Mwaka 1996 ulichapishwa utafiti uliolinganisha Finland na Sweden, nchi mbili jirani zenye barabara na maisha yanayofanana. Finland iliwataka madereva kupimwa na daktari kuanzia miaka 70, Sweden haikuwataka. Ungetarajia wazee wa Finland wapate ajali chache zaidi. Haikuwa hivyo. Kilichoonekana Finland ni kwamba wazee wengi zaidi walikufa wakiwa wanatembea kwa miguu. Denmark nayo iliongeza kipimo cha akili kwa madereva wazee mwaka 2006. Watafiti walipohesabu vifo vya kabla na baada, hawakuona nafuu kwa wazee waliokuwa ndani ya magari, ila waliona vifo vimeongezeka kwa wazee waliokuwa nje ya magari, kwa miguu na kwa baiskeli. Mwaka 2017 Denmark ikafuta ule ulazima wa cheti cha daktari.

Sababu haihitaji shahada kuielewa. Mzee mwoga wa mitihani, ambaye mara nyingi ndiye mwangalifu, huona usumbufu umezidi akaiacha leseni. Anaanza kwenda sokoni kwa miguu. Sasa hana bodi la gari la kumkinga, mifupa yake ni miepesi, na gari linalomgonga linaendeshwa na kijana mwenye afya njema aliyefaulu vipimo vyote. Udhaifu huohuo wa mifupa huwachanganya wanaosoma takwimu: ajali ambayo kijana angetoka nayo na jeraha la bega humuua mzee, kisha jina lake linaingizwa katika orodha ya vifo na watu wanasema, mnaona, wazee ni hatari.

Turudi Uganda, maana tunaishi hapa na si Tokyo. Mwaka 2024 barabara zetu ziliua watu zaidi ya 5,000 kwa hesabu ya polisi. Karibu nusu ya Waganda hawajafika miaka 18. Wazee wa kushika usukani ni tone. Basi atueleze mtoa hoja, hao 5,000 waliuawa na babu zetu? Kila mwaka polisi hutaja sababu zilezile: mwendo wa kasi, uzembe, na kuyapita magari mengine mahali pasipostahili. Mwezi Oktoba 2025, katika barabara ya Kampala kwenda Gulu huko Kiryandongo, mabasi mawili yaligongana uso kwa uso usiku, kila moja likiwa katika harakati za kulipita gari jingine, na watu zaidi ya 40 wakafa. Hakuna daktari anayeweza kupima haraka ya kufika.

Na hiyo miaka 60 ilitoka wapi? Mfuko wa serikali wa kuwasaidia wazee hutoa shilingi 25,000 kwa mwezi, na kuzipata lazima uwe umefikisha miaka 80. Maana yake, mtu wa miaka 62 akiomba msaada anaambiwa bado hajazeeka, lakini kwa hoja yetu akiomba leseni anaambiwa amezeeka mno. Tena ni nchi hiihii iliyofuta kikomo cha miaka 75 katika Katiba mwaka 2017 kwa anayegombea urais. Sitaki kuingia siasani, ninataka tu kujua ni kalenda ipi tunayoitumia.

Nitangaze maslahi yangu. Babu yangu mzaa mama ana miaka 73 na anaendesha pikapu kijijini kwetu Bushenyi. Hubeba ndizi za matoke kuzipeleka sokoni, na hiyo ndiyo kazi inayojulikana. Kazi isiyojulikana ni ile ya saa nane za usiku, mlango unapogongwa na mwanamume anayehema akisema mke wake ameshikwa na uchungu. Kituo cha afya kiko mbali, barabara ni ya mteremko na udongo, na gari la wagonjwa utalisikia redioni tu. Watoto kadhaa wa pale kijijini wamefika kituoni wakiwa bado tumboni kwa sababu pikapu ile iliwaka.

Miaka miwili iliyopita alianza kulalamika kwamba taa za magari ya siku hizi ni kali kupita kiasi. Alisema watengenezaji wameharibu mambo. Mama mdogo, ambaye ni muuguzi, alimsikiliza jioni moja akamwambia, "Baba, taa ni zilezile. Huo ni mtoto wa jicho." Babu alikasirika, akakaa siku tatu bila kulizungumzia, kisha akaacha kuendesha usiku bila kuambiwa na mtu. Katika miezi ile ya kungoja upasuaji, mama mmoja wa jirani alipelekwa kujifungua kwa bodaboda, amebanwa katikati ya dereva na mkwe wake ili asianguke, mvua ikinyesha. Alifika salama. Watu wa kwetu bado wanalisimulia kama muujiza, nami nadhani neno hilo ni sahihi, kwa sababu muujiza si mpango wa usafiri. Babu alifanyiwa upasuaji, jicho likarudi, na usiku pikapu inawaka tena.

Sasa ichukueni sheria yetu ya mdahalo muipeleke pale. Ingemwita babu akiwa na miaka 60 na macho mazima, akalipe, asafiri hadi mjini, afanye mtihani wa kurudi nyuma kati ya nguzo. Swali lililomfaa lilikuja miaka mingi baadaye, nalo lilikuwa fupi: unaona? Na swali hilo linamhusu pia mtu wa miaka 40. Presha ya macho, ile ambayo madaktari huiita glaukoma, hula macho kuanzia pembeni. Mgonjwa huona vizuri mbele yake asijue kwamba mtoto anayetokea kando ya barabara hayumo tena katika picha. Kwa Waafrika ugonjwa huu huanza mapema kuliko kwa Wazungu. Dereva wa teksi ya abiria 14 mwenye miaka 45 anaweza kuwa nao leo, anapiga honi kituoni akituita tupande. Hoja iliyopita ukumbini haimgusi mtu huyu hata kidogo.

Tena tuwe wakweli kuhusu vyeti. Mjomba wangu alihitaji cheti cha afya kwa ajili ya kazi ya lori. Nilimsindikiza katika zahanati moja ambayo sitaitaja. Aliulizwa jina, umri na uzito anaoukumbuka, akalipa, mhuri ukagongwa. Hakuambiwa afunike jicho moja asome herufi ukutani. Hata ukuta wenyewe haukuwa na herufi. Tukiwaongezea wazee wote ulazima wa cheti bila kugusa biashara ya mihuri, tutakuwa tumewapa wenye mihuri wateja wapya. Mzee mwenye fedha na macho mabovu atapita. Mzee mwenye macho mazuri na mfuko mtupu atabaki nyumbani.

Mwenzangu mmoja wa upande wa pili alinifuata baada ya mdahalo akaniuliza swali zuri kuliko yote yaliyoulizwa jukwaani: vipi kuhusu mzee anayepoteza kumbukumbu? Babu yako alijua kwamba haoni, akaacha mwenyewe. Anayesahau hajui kwamba anasahau. Swali hili ni gumu na ninalikubali lilivyo. Jibu langu ni kwamba wanaojua wapo: mke, mtoto, daktari, trafiki aliyemsimamisha mara mbili kwa kosa lilelile. Hawa wapewe haki ya kumpeleka dereva akapimwe, awe na miaka 80 au 28, na ofisi ya leseni iwe na wajibu wa kumwita. Kwa sasa mtoto anayemwona baba yake akipotea njia ya kurudi nyumbani hana pa kwenda isipokuwa kuficha ufunguo.

Japani yenyewe ilijifunza kitu baada ya Ikebukuro. Tangu Mei 2022 wazee wa miaka 75 na zaidi waliofanya makosa fulani barabarani hulazimika kufanya mtihani wa kuendesha kabla ya kuhuisha leseni. Mtazameni anayeitwa: ni yule aliyekosa. Ondoeni umri katika sheria hiyo na nitaiunga mkono kwa mikono miwili. Dereva yeyote aliyepatikana na makosa ya hatari arudi kwenye mtihani, mbele ya mtahini asiyemjua. Wanaobeba abiria na mizigo mikubwa wapimwe macho, shinikizo la damu na kisukari, kwa vipindi vifupi kuliko sisi wengine, kwa sababu kosa lao moja hubeba watu kumi na wanne au sitini.

Na kila mtu, akienda kuhuisha leseni, asome namba ya gari iliyosimama mita 20 kutoka alipo. Uingereza hutumia kipimo hiki kwa anayefanya mtihani wa udereva. Walioniambia kwamba kumpima kila mtu ni ghali wanieleze gharama ya namba ya gari moja lililoegeshwa uani na kamba ya mita 20. Gharama halisi iko kwingine, nayo hakuna aliyeigusa ukumbini: asiyeisoma namba ile anapelekwa wapi? Wengi wao wanahitaji miwani tu, na baadhi upasuaji wa mtoto wa jicho kama ule wa babu. Wakirudishwa mikono mitupu, watarudi barabarani bila leseni na bila miwani, na hapo hata trafiki hatajua wako wapi. Ofisi ya leseni ingeanza kwa kuwaandikia barua ya kwenda kliniki ya macho katika hospitali ya serikali, na kuwapa miezi mitatu ya kurudi kuisoma ile namba tena.