Risasi za Kilombero hazikuanzia kwenye bunduki

Julai 1986 askari wa Kikosi cha Kutuliza Ghasia waliwafyatulia risasi wafanyakazi wa Kampuni ya Sukari Kilombero. Wafanyakazi wanne waliuawa na wengine wakajeruhiwa. Mashamba ya kampuni hiyo yametanda pande zote mbili za Mto Ruaha Mkuu. Upande wa Kidatu kipo kiwanda cha Msolwa, na ng'ambo ya mto, ndani ya Wilaya ya Kilosa, katika kata ambazo leo zimo katika Jimbo la Mikumi, kipo kiwanda cha Ruembe. Waliopigwa risasi walikuwa waajiriwa wa shirika la umma, katika nchi iliyokuwa ikijitambulisha kuwa ya wakulima na wafanyakazi, chini ya chama chenye jembe na nyundo kwenye bendera yake. Nchi ya namna hiyo ilifikaje mahali pa kuwaua wakata miwa wake? Wengi hulitafuta jibu katika siku ya tukio lenyewe, kwa kuuliza nani alitoa amri na nani alirusha jiwe la kwanza. Naamini jibu lipo nyuma zaidi. Dola ilikuwa imeshaziba, moja baada ya nyingine, njia zote za amani ambazo mfanyakazi angepitia kudai haki yake. Bunduki ilikuja mwisho, pale ambapo hapakubaki chombo kingine cha kuzungumza naye.

Vyama vya wafanyakazi vilikuwa miongoni mwa nguzo za harakati za uhuru. Shirikisho la vyama hivyo, TFL, liliundwa 1955 likiwa na Rashidi Kawawa kama katibu mkuu wake, na mashamba ya mkonge yakawa moja ya viwanja vyake vikubwa, ukanda wa Kimamba na Rudewa wilayani Kilosa ukiwamo. Lakini uhuru ulipopatikana, serikali mpya ilianza kuvitazama vyama hivyo kwa shaka. Mwaka 1962 Bunge lilipitisha sheria ya usuluhishi wa migogoro ya kazi iliyoufanya mgomo halali uwe karibu hauwezekani, na mwaka huohuo ikapitishwa sheria ya kuwaweka watu kizuizini bila kuwafikisha mahakamani. Januari 1963 Victor Mkello, rais wa TFL na kiongozi wa chama cha wafanyakazi wa mashambani, alihamishiwa kwa nguvu Sumbawanga pamoja na mwenzake. Aliyekuwa akiwasemea wakata mkonge wa Tanga na Morogoro alipelekwa mbali nao, bila hukumu ya mahakama. Baada ya maasi ya jeshi ya Januari 1964, viongozi wengi wa vyama walikamatwa. Mwezi uliofuata vyama vyote vikafutwa na kuundwa chama kimoja, NUTA, ambacho katibu mkuu wake aliteuliwa na Rais. Katibu mkuu huyo wa kwanza, Michael Kamaliza, alikuwa pia Waziri wa Kazi.

Hapo ndipo penye kiini cha jambo. Mtu mmoja alipokuwa waziri wa serikali na hapohapo msemaji wa wafanyakazi, mfanyakazi wa kampuni ya serikali hakuwa na wa kumpelekea malalamiko yake. Mwajiri, mwamuzi na mtetezi walikaa meza moja. Mwongozo wa chama tawala, TANU, wa 1971, katika ibara ya 15, ulikemea viongozi wenye kiburi na ubabe, na wafanyakazi wakauchukua kwa dhati. Ikafuata migomo katika viwanda kadhaa, na 1973 wafanyakazi wa kiwanda cha mpira cha Mount Carmel jijini Dar es Salaam walikishika kiwanda wakaanza kukiendesha wenyewe. Vuguvugu hilo lilikomeshwa na dola. Somo lilikuwa wazi: chama kiliwaruhusu wafanyakazi kuzungumza pale tu walipozungumza kwa sauti yake. NUTA ilipogeuzwa kuwa JUWATA mwaka 1978, ikawa jumuiya ya chama tawala waziwazi. Kwa hiyo mwaka 1986 ulipofika, serikali ya Rais Mwinyi ikielekea makubaliano na Shirika la Fedha la Kimataifa na mishahara ikimezwa na bei za bidhaa, mfanyakazi wa Kilombero alikuwa na kadi ya uanachama lakini hakuwa na chama. Kati yake na menejimenti hapakuwa na kiongozi aliyemchagua mwenyewe, anayeweza kumwambia "subiri" akamwamini. Pengo hilo likajazwa na askari.

Wapo watakaosema kwamba serikali haikuwa na hiari. Nchi ilikuwa changa na maskini, na 1960 pekee migomo iligharimu zaidi ya siku milioni moja za kazi. Halafu jeshi likaasi, na baadhi ya viongozi wa vyama wakatuhumiwa kushirikiana na waasi. Hofu hiyo ilikuwa ya kweli na siidharau. Lakini hata kama wapo waliopanga njama, kilichostahili ni kuwashtaki wao, kwa ushahidi, mbele ya hakimu. Kuvunja vyama vyote ilikuwa adhabu kwa watu wasiohusika kabisa: dereva wa trekta, fundi wa boila, mkata miwa. Ni kweli pia kwamba migomo ilipungua sana baada ya 1964, na wapo wanaohesabu hilo kuwa mafanikio. Mimi nalihesabu kuwa deni. Dhuluma kazini haikukoma kwa sababu takwimu za migomo zilishuka. Kilichokoma ni taarifa zake. Mgomo ni dalili inayoonekana, na serikali inayozuia dalili isionekane hujinyima nafasi ya kutibu mapema. Damu iliyomwagika Kilombero ilikuwa sehemu ya malipo ya deni hilo, na waliolipa hawakuwa waliolikopa.

Hoja ya pili ni ya ulinzi wa mali. Kiwanda cha sukari, wanasema, si mahali pa kuchezea: muwa uliochomwa na kukatwa hupoteza sukari haraka, na mgomo wa siku chache katikati ya msimu wa kusaga unaweza kuharibu jasho la mwaka mzima, pamoja na la wakulima wadogo wa Ruhembe na Kidodi wanaopeleka miwa yao kiwandani. Yote hayo ni kweli. Lakini ukweli huo unaelekeza kwenye meza ya mazungumzo, kwani mwajiri anayejua kwamba siku tatu za mgomo zitamuumiza ana kila sababu ya kusaini mkataba wa hali bora kabla msimu haujaanza. Anayetegemea polisi hana sababu hiyo, kwa kuwa hasara yote huhamishiwa upande wa pili. Kama kuna mtu anayechoma ghala au kumpiga mlinzi, huyo ni mhalifu na akamatwe yeye. Kuufyatulia umati risasi za moto hakulindi hata gunia moja la sukari. Afrika Kusini ilijifunza hilo kwa gharama kubwa pale Marikana, tarehe 16 Agosti 2012, polisi walipowaua wachimbaji madini 34. Angalau huko tume ya Jaji Farlam ilisikiliza ushahidi hadharani, na ripoti yake iliyotolewa 2015 ilisema mpango wa polisi ulikuwa na kasoro na haukupaswa kutekelezwa siku ile.

Hoja ya tatu ndiyo nzito zaidi: kwamba hayo ni ya kale. Shirika la vyama vya wafanyakazi, OTTU, liliundwa 1991, baadaye vyama huru vikarudi. Mkataba namba 87 wa Shirika la Kazi Duniani juu ya uhuru wa kujiunga uliridhiwa mwaka 2000, na Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inatambua haki ya kugoma. Kiwanda chenyewe kilibinafsishwa 1998 na kuwa mikononi mwa kampuni ya Illovo, serikali ikiwa na asilimia 25 ya hisa. Nakubali kwamba hatua hizo ni kubwa, na mfanyakazi wa leo ana ulinzi ambao yule wa 1986 hakuwa nao. Lakini mlango ulifunguliwa nusu tu. Sheria ya 2004 inamtaka mfanyakazi apite kwanza Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, asubiri muda wa usuluhishi uishe, apige kura, kisha atoe notisi ya saa 48. Huo ni utaratibu mrefu lakini wenye mantiki. Tatizo ni kwamba kifungu cha 76 cha sheria hiyohiyo kinakataza wagomaji kukusanyika langoni kushawishi wenzao, hata kwa amani. Ina maana kwamba mtu aliyefuata kila hatua, akasimama nje ya geti na bango mkononi, tayari amempa askari sababu ya kumwondoa. Aidha, Sheria ya Tawala za Mikoa ya 1997 inampa Mkuu wa Wilaya, ambaye ndiye mwenyekiti wa kamati ya usalama, mamlaka ya kuamuru mtu ashikiliwe hadi saa 48. Saa 48 zinatosha kumtoa kiongozi wa tawi katika mazungumzo yote ya mgogoro.

Wakata miwa wa msimu wako katika hali ngumu zaidi. Ulinzi dhidi ya kuachishwa kazi isivyo halali haumhusu mwenye utumishi usiofika miezi sita, na anayefanya kazi kwa mkataba wa muda lazima athibitishe kwamba alikuwa na sababu ya kutarajia kuitwa tena. Kwa mtu wa namna hiyo hakuna haja ya kumwita polisi. Inatosha jina lake lisionekane kwenye orodha ya msimu ujao. Na asidhani mtu kwamba ukatili wa wazi umebaki katika historia. Juni 2012, katikati ya mgomo wa madaktari, kiongozi wao Dk. Steven Ulimboka alitekwa, akapigwa vibaya na kutupwa msitu wa Mabwepande. Kama hayo yalimpata daktari anayejulikana nchi nzima, kibarua wa Kidodi atathubutuje kuwania uongozi wa tawi?

Yanayohitajika yanawezekana. Bunge lirekebishe kifungu cha 76 ili kukusanyika langoni kwa amani wakati wa mgomo halali kuwe haki. Mamlaka ya Mkuu wa Wilaya ya kuweka watu ndani yasitumike kabisa katika migogoro ya kazi, na risasi za moto zipigwe marufuku katika migogoro hiyo. Ulinzi wa mwanachama dhidi ya kulipiziwa kisasi uanze siku ya kwanza ya kazi, bila kujali aina ya mkataba. Vyama navyo, kikiwamo TPAWU cha wafanyakazi wa mashambani, vina wajibu wao: viwaandikishe vibarua wa msimu kwa bidii ileile vinayotumia kwa waajiriwa wa kudumu, maana chama kinachoishi kwa makato ya wenye ajira tu kitawaacha nje walio hatarini zaidi. Na serikali ichapishe kumbukumbu zote za tukio la Julai 1986, pamoja na majina ya waliokufa, na tukio hilo lifundishwe katika shule za Mikumi na Kidatu kama sehemu ya historia ya taifa.

Wazee wetu walisema mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni. Kwa mfanyakazi, haki hiyo huanza na kuwa na chama alichokichagua mwenyewe na kiongozi asiyeweza kupelekwa Sumbawanga kwa amri ya mkubwa. Serikali inayolinda hilo haitalazimika kutuma kikosi mashambani, kwa kuwa mgogoro utakuwa umeshafika mezani ukiwa bado mdogo. Wanne waliouawa 1986 walikosa meza hiyo. Kuijenga na kuilinda ni wajibu wa Bunge letu sasa, kabla mgogoro mwingine haujakomaa.