ANAYEDAI VITA NA AULIZWE

Baraza za kisiwa chetu cha Pemba, toka Konde hata Mkoani, hazijapata kukosa mtu wa kusimulia vita. Yuko asimuliaye Mapinduzi ya 1964, yuko asimuliaye Kagera, na zamani walikuwapo wazee waliosimulia habari za Keya na Bama. Katika masimulizi hayo yamo mengi ya kweli, na yamo pia yaliyotiwa chumvi. Jambo tunalotaka kulipima leo ni hili: Je, yatupasa kumhoji mtu tunayemshuku kwamba anaukuza utumishi wake wa kijeshi, au yafaa tumwache na hadithi yake?

Wako wasemao kwamba kunyamaza ndiyo adabu. Mzee ni mzee, wanasema, na kumdai cheti mbele ya wajukuu zake ni kumvunjia heshima kwa jambo lisilomdhuru mtu. Wako na wengine wasemao kwamba kila mwongo aumbuliwe hadharani, maana anayejipa sifa ya vita anaiba sifa ya waliokufa. Pande zote mbili zina haki yao, lakini hapana upande uliokamilika. Kwa rai yetu, kipimo ni kile kinachodaiwa kwa hadithi hiyo. Anayetaka kusikilizwa tu, na asikilizwe. Anayetaka cheo, au fedha, au amri juu ya wenziwe, huyo na aulizwe, na aulizwe mapema.

Pemba haina haja ya kwenda ng'ambo kutafuta mfano. Mwaka 1959 alifika kisiwani hapa kijana kutoka Lango, kaskazini ya Uganda, jina lake John Okello. Alifanya kazi za mikono, akaingia katika harakati za Afro-Shirazi Party, na mwaka 1963 akahamia Unguja, ambako alifanya kazi ya kupaka rangi nyumba. Serikali ilipopinduliwa usiku wa kuamkia 12 Januari 1964, sauti iliyovuma redioni ilikuwa yake, naye alijiita Fildi Mashali. Alidai pia kwamba alikuwa na cheo kikubwa katika vita vya Mau Mau. Wanahistoria waliochunguza maisha yake hawakuona kwamba alipata mafunzo yoyote ya kijeshi, na cheo cha Fildi Mashali alijivika mwenyewe.

Hatusemi hayo ili kumnyang'anya alichofanya. Waandishi wengi wanakubali kwamba alikuwa miongoni mwa walioongoza shambulio la kambi ya polisi ya Ziwani, na kwamba watu walioshika mapanga na marungu walizitwaa bunduki za Serikali usiku ule. Chumvi ilitiwa juu ya chakula kilichokuwapo. Lakini hapo ndipo penye hatari ya mtu wa namna hii: lile la kweli alilolitenda humfanya aaminiwe katika yale asiyoyatenda. Aliposoma redioni hukumu za kutisha na kutaja maelfu kwa maelfu ya watu waliouawa au kufungwa, wasikilizaji hawakuwa na njia ya kujua kama anasema jemadari mwenye hesabu mkononi au mtu anayebuni. Hata leo wanaotafuta idadi ya waliokufa wanatofautiana vibaya mno, kuanzia mamia hadi elfu 20, na maneno yake ni sehemu ya sababu ya mkanganyiko huo.

Hapa Pemba hapakupiganwa usiku ule. Vita vilikuwa Unguja. Kisiwa chetu kililetewa Mapinduzi na watu waliokuja na silaha baada ya mambo kwisha, na wazee wetu wanazo kumbukumbu za bakora zilizochapwa hadharani katika miezi ile na miaka iliyofuata. Nani angethubutu wakati huo kumwuliza mtu ni jeshi gani lililompa cheo chake? Mwenye bunduki haulizwi cheti. Tarehe 11 Machi 1964 Okello alivuliwa cheo hicho na kuzuiwa kurudi Zanzibar, lakini miezi miwili ilikuwa imekwisha pita, na yaliyowapata watu katika miezi hiyo hayakuweza kurudishwa.

Jirani zetu wa Uganda waliliona jambo hili kwa ukubwa zaidi. Idi Amin alipenda kusema kwamba alipigana Bama katika Vita vya Pili vya Dunia. Vita hivyo vilikwisha mwaka 1945, naye aliandikwa katika Keya mwaka 1946, akaanza kazi jikoni. Alipokwisha kuitwaa nchi mwaka 1971 alijipandisha vyeo na kujitundikia nishani kifuani, hata watu wa nje wakafanya mzaha. Mzaha huo uliwagharimu Waganda damu, na mwaka 1978 ukavuka mpaka ukaingia Kagera, ambako vijana wa Tanzania walikwenda kuuzima. Tunajua kwamba uongo wa Bama si chanzo cha dhuluma zote za Amin. Hata hivyo, mtu aliyekwisha zoea kuvaa sifa asizozipata hazuiliki kirahisi kuvaa mamlaka asiyopewa.

Basi je, kila mtu adaiwe cheti? La hasha. Hapa ndipo tunapotofautiana na wale wanaotaka kuumbua tu. Katika nchi zetu askari wa kweli wasio na karatasi ni wengi. Vyeti vimeliwa na mchwa, vimeungua, vimezama, na wengine hawakupewa kamwe. Katika Vita vya Kwanza vya Dunia Waingereza walikusanya wapagazi wengi kutoka Afrika ya Mashariki, wakafa kwa makumi ya maelfu kwa njaa na maradhi. Jina la kikosi chao limebaki katika mtaa wa Kariakoo, Dar es Salaam. Hawakuhesabiwa kuwa askari. Mtoto wa mpagazi akisema kwamba babake alikuwa vitani, hasemi uongo hata kidogo; na akiongeza kwamba babake alishika bunduki, pengine ni kwa kuwa dunia haikumwonyesha kwamba aliyebeba sanduku la risasi mgongoni naye anastahili kukumbukwa. Tukimheshimu mwenye bunduki peke yake, tunamfundisha mpishi kusema uongo.

Kuna kisa kinachosimuliwa na waandishi wa historia ambacho twaona kina mafunzo. Mwaka ule ule wa 1964, Ujerumani ya Magharibi iliamua kuwalipa malimbikizo ya mishahara askari wa Kiafrika waliobaki hai, waliopigana chini ya Lettow-Vorbeck kati ya 1914 na 1918. Inasemekana kwamba wazee wapatao 350 walikusanyika Mwanza, na wachache tu kati yao walikuwa na vyeti. Mlipaji alifikiri, kisha akachukua ufagio, akampa kila mzee kwa zamu yake aushike kama bunduki, akatoa amri za gwaride kwa Kijerumani. Hapana hata mmoja aliyeshindwa.

Tuutazame mtihani huo. Ulikuwa mmoja kwa wote, tajiri na maskini. Haukumtukana mtu wala kumwita mwongo kabla ya wakati. Na zaidi ya yote, uliwapa haki yao wazee ambao, kama wangedaiwa karatasi, wangerudi makwao mikono mitupu. Hilo ndilo tunalotaka wasomaji wetu walishike: swali linaloulizwa kwa haki ni shahidi wa askari wa kweli. Anayeliogopa ni yule mwingine.

Kutokuuliza nako kuna aibu yake. Mwaka 2003 Serikali ya Kenya ilimpokea Nairobi kwa heshima kubwa mkulima mzee kutoka Ethiopia, aliyedhaniwa kuwa ni Jenerali Stanley Mathenge wa Mau Mau, aliyetoweka katikati ya miaka ya 1950. Vipimo vya vinasaba vilionyesha kwamba siye. Lawama hapo haikumpasa mkulima. Iliwapasa waliotandika zulia kabla ya kupima, huku wapiganaji wa kweli wa msituni wakiendelea kuzeeka katika umaskini.

Wamarekani nao wamelihangaikia jambo hili mahakamani. Mwaka 2006 walitunga sheria ya kumwadhibu yeyote anayedai kwa uongo kwamba alitunukiwa nishani ya jeshi. Mwaka 2012 Mahakama yao ya Juu ikaibatilisha, kwa kuwa iliadhibu maneno matupu. Mwaka 2013 ikatungwa nyingine, na chini ya hiyo kosa ni kudai nishani kwa uongo kwa nia ya kupata fedha, mali au manufaa mengine. Hatuna desturi ya kuchukua kila kitu cha Marekani, lakini mpaka huo waliouchora unafanana na ule tulioueleza hapo mwanzo. Majigambo ya barazani yaachwe kwa baraza. Majigambo yanayodai malipo yapelekwe kwenye mizani.

Huku kwetu, vazi la kijeshi linaangaliwa. Agosti 2023 Jeshi la Wananchi wa Tanzania liliwataka raia wenye mavazi ya jeshi au yanayofanana nayo wayasalimishe katika siku 7. Hadithi, lakini, haisalimishwi kituoni. Hiyo hupimwa na watu wenyewe, kwa akili na kwa subira. Kwanza, mtu aulizwe faraghani kabla ya kuulizwa hadharani, ili apate njia ya kurudi nyuma bila kuanguka. Pili, aulizwe mambo yanayojibika: kikosi gani, chini ya nani, wapi, mwaka gani, na nani alikuwa ubavuni pake. Tatu, waulizwe wenziwe. Nne, maswali yawe yale yale kwa mkubwa na kwa mdogo. Maana mara nyingi tumeona mzee wa kijijini akihojiwa kama mwizi, na mwenye gari akipigiwa makofi.

Yako pia mambo yanayozidi mtu mmoja mmoja. Baada ya Okello kuondoshwa, jina lake lilififishwa katika hadithi rasmi, na sifa ya usiku ule ikakaa kwa Kamati ya Watu 14. Mwaka 2010 kitabu cha Harith Ghassany, "Kwaheri Ukoloni, Kwaheri Uhuru!", kilileta masimulizi mengine ya watu wa bara waliosema kwamba nao walikuwamo. Hapa tunaona kwamba kukuza na kufuta ni ndugu wawili. Anayejiongezea sehemu katika hadithi lazima ampunguzie mwingine. Kwa hiyo kila kauli, ya mkubwa aliyeshinda na ya mdogo aliyesahauliwa, na ipimwe kwa mizani ile ile, ikiwekwa kando ya nyaraka na kauli za wengine.

Na hapa Pemba liko deni la peke yake. Masimulizi ya vita tunayoyasikia ni ya walioshika fimbo au waliotamani kuishika. Ya waliochapwa, ya waliofungwa, ya waliokimbia kwa ngalawa usiku, husemwa kwa sauti ya chini ndani ya nyumba. Mtu akijikuza kuwa shujaa wa jambo asilolifanya, huwafunika na hao, maana katika hadithi yake hawana nafasi ila kuwa maadui. Kumwuliza kwa adabu, "Ulikuwa wapi siku ile, na nani alikuwa mbele yako?" ni kuwafungulia mlango nao waingie.

Wakati haupo mwingi. Aliyekuwa na miaka 20 mwaka 1964 sasa amepita 80. Kila mwezi Chake Chake, Wete na Mkoani huzika watu walioona kwa macho yao. Tunawaomba walimu, masheha, na vijana wenye simu za kurekodi, wakae na wazee hawa wote bila ya kuchagua upande, waandike, walinganishe, na nakala zifikishwe kwenye Nyaraka za Taifa zilizoko Kilimani, Unguja. Wakishaondoka mashahidi, atakayesema kwa nguvu zaidi ndiye atakayeaminiwa, na watu wa kisiwa hiki wanajua gharama ya kumwamini mtu kwa sababu ya ukubwa wa sauti yake redioni.

Debe tupu haliachi kuvuma, walisema wahenga. Tusilipige teke, tuligonge taratibu kwa kidole, na mlio wake utatueleza kilichomo.