Tuzijue Nyota, Tusizitegemee

Vijana wetu wengi wanazijua "nyota" zao. Huyu husema yeye ni Nge, yule ni Simba, kwa kuwa wamesoma hivyo gazetini. Lakini tukiwatoa nje usiku watuonyeshe huyo Nge mbinguni, hawajui waelekeze kidole wapi.

Wako wazee wanaoona kuwa dawa ni kuwakataza watoto habari zote za nyota, pamoja na hekaya za Wayunani. Sisi hatukubaliani nao. Qur'ani Tukufu inatufundisha katika Sura Al-An'am kwamba nyota zimewekwa zituongoze katika giza la bara na bahari. Na katika Sura An-Najm, Mwenyezi Mungu amejitaja kuwa ni Mola wa Shi'ra, nyota ambayo baadhi ya Waarabu waliiabudu. Kilichokatazwa ni kuziabudu na kuzitegemea, wala si kuzijua.

Tutazame mfano. Wayunani walisimulia kwamba Jabari alikuwa mwindaji mwenye majivuno, akaumwa na nge akafa, kisha wote wawili wakawekwa mbinguni mbali mbali. Hekaya hiyo ni ya kubuni, lakini imebeba uchunguzi wa kweli: Nge anapochomoza mashariki, Jabari huzama magharibi. Mwezi wa Desemba, baada ya Isha, Jabari yuko upande wa mashariki. Mwezi wa Julai, saa kama hizo, Nge yuko karibu na utosi. Mtoto akikumbuka ugomvi wao hatasahau majira yao.

Hivyo ndivyo walivyofanya wanazuoni wetu. Abdurrahman as-Sufi wa Uajemi, katika kitabu chake cha karibu mwaka 964, alizichukua sura 48 za Wayunani, akaupima upya mng'ao wa nyota kwa macho yake, akaziandika pamoja na majina ya Waarabu. Hadi leo dunia nzima inaiita nyota moja Aldebaran, yaani "mfuasi", kwa kuwa inakifuata Kilimia. Na Kilimia ni jina la wazee wetu wenyewe, lililotokana na kulima.

Elimu hii ndiyo inayowaumbua watabiri. Gazeti humwita Kondoo aliyezaliwa mwishoni mwa Machi, hali siku hizo jua liko katika Samaki. Sababu ni kwamba mhimili wa dunia huyumba polepole, mzunguko mmoja kwa miaka ipatayo 26,000, na orodha ya watabiri imebaki pale pale ilipoachwa na watu wa kale. Asiyeijua mbingu atayagunduaje haya?

Basi tunawasihi wazazi na walimu wa madrasa: usiku mmoja kila mwezi, baada ya Isha, watoeni watoto nje. Waonyesheni Kilimia, Jabari na Nge, muwasimulie hekaya zao, na muwaambie wazi kuwa ni hekaya. Mwenyezi Mungu atuzidishie elimu yenye manufaa. Amin.