Msasa wa Kitambulisho na Watoto wa Mombasa



Kijana wa Mombasa akitimiza miaka 18 huenda kwenye afisi ya usajili kuomba kitambulisho. Huchukua cheti cha kuzaliwa pamoja na nakala za vitambulisho vya wazazi wake. Kwa mwenzake aliyekaa naye dawati moja, lakini mwenye jina lisilotiliwa shaka, shughuli huishia hapo. Kwa huyu mwenye jina la Kiarabu, la Kisomali au la Kibalushi, miaka nenda miaka rudi, hapo ndipo safari ilipoanzia: arudi siku ya kamati, aje na mzee wa mtaa, aeleze babu yake alizaliwa wapi na akazikwa wapi. Hiyo ndiyo shughuli iliyopewa jina la kupigwa msasa.

Hatupingi dola kuwajua raia wake, wala hatusemi kila anayejidai Mkenya apewe kadi papo hapo. Tunalolipinga ni swali moja kuulizwa baadhi ya watoto wa nchi na wengine wakaachwa. Kifungu cha 14 cha Katiba ya 2010 kinasema kwamba mtu ni raia kwa kuzaliwa ikiwa mama yake au baba yake ni raia. Babu hakutajwa. Kifungu hicho hicho kinamhesabu kuwa raia hata mtoto aliyeokotwa nchini, anayeonekana hajafikia miaka 8 na wazazi wake hawajulikani. Basi ikiwa yatima asiyejulikana atokako amefunguliwa mlango, vipi afungiwe mwenye baba na mama na vyeti mkononi?

Na mlango huo si mdogo. Bila kitambulisho kijana hasajili laini ya simu kwa jina lake, kwa hiyo hana hata M-Pesa. Hafungui akaunti ya benki, hapigi kura, haajiriwi bandarini. Hata akienda kutafuta kazi kwenye jumba la afisi, bawabu wa langoni humwomba kadi kabla hajauliza shida yake.

Februari 2025, akiwa ziarani Kaskazini Mashariki, Rais William Ruto alitangaza kukomeshwa kwa msasa huo. Ni jambo la kushukuriwa. Lakini tangazo la jukwaani huchukua muda kufika dirishani kwa karani, na wazazi wana haki ya kulifuatilia. Wamakonde walifunga safari ya miguu kutoka Kwale kwenda Nairobi mnamo Oktoba 2016 ndipo wakasikizwa, ilhali wazee wao walifika enzi za ukoloni kufanya kazi mashambani. Wapemba, wavuvi wa pwani yetu, walisubiri mpaka 2023.

Sasa tuugeukie upande wetu wenyewe, kwani wapo miongoni mwetu wanaolalamikia msasa wa serikali hali wao wana msasa wao barazani. Jirani ameishi Mombasa miaka 30, amezaa hapa, watoto wake wanazungumza Kimvita kuliko wajukuu zetu, na bado anaitwa mtu wa bara. Akija kuposa, awe Mwislamu mswalihina namna gani, huulizwa kabila kabla ya kuulizwa dini.

Watu hao hao, tukitazama siku yao inavyokwenda, huwezi kuwatenganisha. Asubuhi wote wamesongamana kwenye feri ya Likoni. Mama wa Kikamba pale Kongowea anahesabia wateja kwa Kiswahili. Mhindi wa Marikiti anajua ni nyumba gani itapika biriani Ijumaa na viungo kiasi gani vitatakiwa. Ramadhani sahani ya futari huvuka kwa jirani Mkristo, na Krismasi hurudi na kitu, maana sahani hairudishwi tupu. Hakuna aliyewaamrisha, wala sherehe ya Jamhuri haikuwafunza.

Na hao wanaojiita wenyeji wa asli, ni nani? Mombasa ina Thenashara Taifa, miji kumi na miwili. Miongoni mwao wamo Wapate, Wafaza, Wakilifi na Wamtwapa. Majina yenyewe yanaeleza kwamba walitoka kwengine, wakafika, wakakaribishwa, wakawa ndio mji. Madina ya Mtume (SAW) ilikuwa hivyo pia. Suhaib aliitwa Mrumi, Salman akaitwa Mfarsi, na Bilal alijulikana kuwa Mhabeshi. Majina hayo hayakuwapunguzia nafasi msikitini wala haki mjini. Aya ya 13 ya Suratul Hujurat inatueleza kwamba mataifa na makabila yamewekwa ili watu wapate kujuana. Kumjua mtu na kumfukuza ni mambo mawili.

Kuna na lililo mikononi mwa wazazi. Uzazi usajiliwe kabla ya miezi 6, kwani baada ya hapo huingia katika usajili wa kuchelewa wenye masharti zaidi. Na mtoto aliyezaliwa nyumbani apelekewe habari zake kwa naibu wa chifu mapema. Majina yaandikwe kwa hati moja katika kila karatasi. Baba akiwa Mohamed, mwana akaandikiwa Muhammad, na shule ikaandika Mohammed, hao mbele ya karani ni watu watatu. Vyeti vya wazee waliofariki visitupwe wala visigawanywe pamoja na nguo zao. Na karani akidai zaidi ya yanayotakiwa, mzazi amwombe kwa adabu amwandikie ni sheria gani anayoifuata, kisha aipeleke karatasi hiyo kwa wakili au kwa mbunge wake.