Kompyuta haioni maji
Kijiji cha kata ya Msimbu, Kisarawe, kinapotaka kisima kirefu, mpimaji huja na betri, nyaya na vijiti vinne vya chuma. Umeme hupitishwa ardhini kwa viwili, volteji husomwa kwa viwili vingine. Kadiri vijiti vya nje vinavyotenganishwa ndivyo kipimo kinavyofika chini zaidi. Kinachopatikana ni namba za ukinzani tu; tabaka zenyewe hukisiwa na programu ya kompyuta. Hapo ndipo penye kasheshe: udongo wa mfinyanzi uliolowa na maji ya chumvi vyote hupitisha umeme vizuri, na namba zilezile zaweza kuzaa michoro miwili tofauti, yote ikionekana sahihi. (Wapo wanaochapisha mchoro wa rangi na kuuita ushahidi.) Ukanda huu, jirani na kaolini ya Pugu, unahitaji programu inayopimwa kwa kumbukumbu za visima vilivyochimbwa hapahapa, vikavu vikiwamo. Pa kuanzia papo: pyGIMLi ni programu huria ya aina hiyo, yeyote anaweza kuirekebisha. RUWASA, wakala wa maji vijijini ulioundwa kwa sheria ya 2019, na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam wakae meza moja. Kumbukumbu ziwekwe wazi, vijana wapewe kazi ya kuiandika programu hiyo.